Ukinunua Pori Hujanunua Mnyama

Wamarekani wengi wa mijini wana ndoto moja wanayozeeka nayo: kuuza nyumba ya Chicago au Minneapolis, kulipa madeni, kununua ekari 40 za msitu mahali ambapo paa la jirani halionekani, kujenga kibanda cha mbao, na kila Novemba kupanda juu ya mti na bunduki kumngoja kulungu. Janga la korona lilipoonyesha kwamba kazi nyingi za ofisini hufanyika popote penye intaneti, ndoto hiyo iliacha kuwa ya wastaafu peke yao. Vijana wenye watoto wadogo nao wanaitafuta. Inawavuta pia ndugu zetu walioko huko, Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Watanzania na Wakenya wa Minnesota, Texas na Ohio, watu waliolelewa na jembe na ambao ghorofa ya kupanga haijawahi kuwaingia moyoni.

Ndoto hiyo naitetea. Mtu kuondoka mjini akaishi na ardhi ni jambo jema, na mtoto anayejua nyama imetoka wapi hukua na heshima ya uhai. Lakini naiwekea sharti. Ardhi ya mawindo hutaka mtunzaji kabla ya mwindaji. Anayeinunua kwa sababu ya bunduki peke yake anaingia hasara hata bei iwe ndogo kiasi gani, na asiye tayari kuitunza anayo njia nyingine, tena nafuu zaidi, ya kupata kitoweo chake. Ushahidi wangu nautoa katika jimbo la Wisconsin, kaskazini ya kati ya Marekani, kwa kuwa mazuri na machungu ya jambo hili yote yamekwisha kutokea huko.

Profesa na banda la kuku

Mwaka 1935, Aldo Leopold, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, alinunua shamba lililotelekezwa kando ya Mto Wisconsin, karibu na mji mdogo wa Baraboo. Lilikuwa na ekari 80. Nyumba ya waliotangulia ilikwisha kuungua, udongo wake wa mchanga ulikuwa umekamuliwa rutuba yote, na jengo pekee lililobaki limesimama lilikuwa banda la kuku lililojaa samadi.

Leopold hakuwa mgeni wa mawindo. Aliwinda tangu utotoni kwao Burlington, jimbo la Iowa. Alihitimu masomo ya misitu Yale mwaka 1909, akatumikia Idara ya Misitu ya serikali kuu huko Arizona na New Mexico, na mwaka 1933 alitoa kitabu cha kiada juu ya usimamizi wa wanyama wa kuwindwa. Mwaka huohuo chuo kikuu kilimpa uprofesa wa somo hilo, wa kwanza wa aina yake nchini humo. Alipenda hasa upinde na mishale, na mkewe, Estella, alikuwa bingwa wa wanawake wa jimbo lao katika kulenga shabaha kwa upinde. Shamba lile, basi, alilitaka liwe kambi ya kuwindia.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila anayepigia hesabu ekari zake. Familia ilizoa samadi, ikaziba matundu, ikaligeuza banda kuwa malazi. Kisha ikaanza kupanda misonobari. Baba, mama na watoto watano walirudi kila majira ya kuchipua na sepetu na miche. Ukame wa mwaka 1936 uliua sehemu kubwa ya walichopanda. Wakapanda tena. Kufikia mwisho wa uhai wa Leopold walikuwa wamepanda miti makumi ya maelfu na kurudisha nyasi na maua ya asili mahali palipokuwa mchanga mtupu. Aliandika daftarini kila alichokiona: ndege gani amefika lini, ua gani limechanua lini, barafu imeyeyuka tarehe ngapi. Kuwinda hakuacha. Hata hivyo, sepetu ilimchukulia muda mwingi kuliko bunduki, na mwenyewe hakuona kuwa amepunjwa.

Alikufa kwa mshtuko wa moyo tarehe 21 Aprili 1948, alipokuwa akisaidia kuzima moto wa nyasi uliowaka kwa jirani. Kitabu chake, A Sand County Almanac, kilichotokana na shamba lile, kilichapishwa mwaka uliofuata na hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya mazingira vinavyosomwa zaidi duniani. Watoto wake watatu, Starker, Luna na Estella, walikuja kuchaguliwa katika Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani.

Maisha hayo nimeyaeleza kirefu kwa sababu yanajibu swali ambalo hakuna dalali atakayemuuliza mnunuzi: siku ambazo si za kuwinda utafanya nini? Msimu mkuu wa kuwinda kulungu kwa bunduki Wisconsin ni siku tisa, kuanzia Jumamosi iliyo kabla ya Sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba. Msimu wa upinde ni mrefu zaidi, lakini nao una mwisho. Siku zilizobaki katika mwaka ni za kodi, uzio, magugu, njia inayozibwa na theluji, miti inayoangushwa na upepo na jirani anayehitaji msaada. Anayezipenda siku hizo na anunue. Anayezihesabu kuwa usumbufu amekwisha kujijibu.

Mnyama ni wa nani?

Wanunuzi wengi huamini kwamba hati ya ardhi huja na kulungu aliyesimama juu yake. Haiji naye. Katika sheria ya Marekani, serikali ya kila jimbo husimamia wanyamapori kama amana ya wananchi wote. Mwenye shamba anayetaka kulungu hukata leseni kama yule asiye na hata kiwanja, hufuata msimu uleule na kuishia kwenye idadi aliyoruhusiwa. Wisconsin, aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1973 au baada ya hapo lazima awe amepita mafunzo ya usalama wa uwindaji. Na msimu wa bunduki ukifunguliwa, mwindaji huvaa nguo ya rangi ya machungwa inayong'aa, au ya waridi inayong'aa iliyoruhusiwa mwaka 2016, hata akiwa ndani ya mipaka yake mwenyewe.

Ziko nchi zilizochagua njia nyingine. Ujerumani imeifunga haki ya kuwinda na ardhi: mwenye hekta 75 zilizoungana anaweza kuwa na eneo lake la mawindo, na aliye na pungufu ya hapo huunganishwa na majirani zake katika ushirika wa uwindaji. Namibia, kwa sheria ya mwaka 1975, iliyotungwa ikiwa bado chini ya utawala wa Afrika Kusini, wenye mashamba makubwa yenye uzio, ambao enzi hizo walikuwa walowezi, walipewa umiliki wa aina kadhaa za wanyama waliomo. Marekani ilikataa. Wengi wa waliohamia huko walitoka Ulaya ambako mawindo yalikuwa ya wafalme na makabaila, na maskini aliyetega sungura alikuwa mhalifu.

Lakini mnyama wa wote, asipowekewa utaratibu, huisha upesi. Wisconsin ililijua hilo mapema. Mwaka 1871 njiwa wa kuhamahama walikusanyika kutaga katikati ya jimbo hilo katika kundi kubwa kuliko yote yaliyopata kuandikwa, mamilioni kwa mamilioni. Wawindaji wa biashara wakafuata reli na bunduki na nyavu, wakajaza mapipa kwa ajili ya masoko ya mijini. Mwaka 1899 njiwa wa mwisho kujulikana jimboni alipigwa risasi mahali paitwapo Babcock. Tarehe 1 Septemba 1914, wa mwisho duniani, jike aliyepewa jina la Martha, alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Kulungu naye alikuwa anaelekea huko. Makadirio ya kawaida ni kwamba kufikia mwaka 1900 walikuwa wamebaki karibu laki tano au pungufu katika nchi nzima.

Wawindaji wenyewe ndio waliosaidia kumwokoa. Mwaka 1900 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia nyama na ndege waliowindwa kinyume cha sheria kuvushwa kutoka jimbo hadi jimbo. Mwaka 1937 likaamua kwamba fedha za ushuru wa bunduki ndefu na risasi zigawiwe majimbo kwa ajili ya wanyamapori. Leo makadirio yanafika kulungu milioni 30 hivi, wengi kiasi cha kugongwa na magari barabarani na kumaliza miche ya misitu. Kwa hiyo kulungu anayeonyeshwa kwenye picha za tangazo la shamba amelipiwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 80. Dalali hana haki ya kumwuza, na mnunuzi hana haki ya kujiona amemnunua.

Hata ukubwa wa ekari 40 ulitoka kwenye ramani, haukutoka porini. Sheria ya upimaji ya mwaka 1785 ilikata nchi katika miraba ya maili moja kila upande, sawa na ekari 640. Robo ya mraba, ekari 160, ndiyo iliyogawiwa walowezi kwa sheria ya mwaka 1862. Robo ya robo hiyo ni ekari 40, kipande chenye mita 400 hivi kila upande. Dume la kulungu lililokomaa huzunguka katika eneo ambalo mara nyingi huzidi maili moja ya mraba. Maana yake, hulala kwako, hula mahindi kwa jirani wa mashariki, hunywa maji kwa jirani wa magharibi, na usiku huvuka barabara kwenda kwa mtu usiyemfahamu. Jirani akimpiga kihalali hajakuibia. Na jirani akimwaga chakula kando ya uzio ili kuwakusanya, madhara yake yatakufikia: ugonjwa wa kukonda wa kulungu, uliotambuliwa kwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967 na kugunduliwa Wisconsin mwaka 2002, hauna tiba, na huenea zaidi wanapokula sehemu moja na kuachiana mate. Asiyejenga masikilizano na watu wa pande nne hawezi kutunza kulungu kwenye ekari 40, hata awe na fedha.

Bei ndogo ina sababu yake

Leopold alipata shamba kwa bei ya chini kwa sababu lilikuwa limekufa. Wakulima wa mchanga ule walikwisha kushindwa, na miaka ya 1930 ilikuwa ya ukame na ya mdororo wa uchumi. Alijua anachokinunua. Mnunuzi wa leo anapaswa kufika mahali na kuuliza sababu ya bei kabla ya kuifurahia.

Kipande kinaweza kuwa kimezungukwa na mashamba ya wengine pande zote, bila haki ya njia iliyoandikwa. Kinaweza kuwa kinamasi ambacho sheria hairuhusu kukijaza wala kukijenga. Miti yote ya thamani inaweza kuwa imekwisha kukatwa na kuuzwa mwaka uliotangulia. Katika majimbo kama Texas na Pennsylvania, haki ya madini na gesi iliyo chini inaweza kuwa ilikwisha kuuzwa kwa mtu mwingine zamani, na siku moja mwenye haki hiyo akaja na mitambo. Kisha kuna kodi ya ardhi, inayodaiwa kila mwaka, umewinda au hukuwinda. Ukiiacha ikirundikana, kaunti ina uwezo wa kulichukua shamba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpima ardhi, mwanasheria wa kukagua hati na mtu wa kupima kama udongo unafaa kwa choo na kisima ni gharama ya lazima, na anayeziruka atazilipa baadaye kwa njia nyingine.

Wahamiaji nawaonya juu ya jambo moja zaidi. Mtu asiye na historia ya mikopo benki hushawishiwa kununua kwa mkataba wa kumlipa muuzaji kidogo kidogo, huku hati ikibaki kwa muuzaji hadi senti ya mwisho. Si kila mkataba wa namna hiyo ni wa hila. Lakini mingi imeandikwa hivi kwamba ukikosa malipo, unapoteza shamba na yote uliyokwisha kulipa. Kwa mtu aliyekimbia vita akaanza upya na mikono mitupu, hakuna ekari inayostahili hatari hiyo kabla mwanasheria wake mwenyewe hajausoma mkataba.

Maisha ya huko nayo yana bei isiyoandikwa kwenye tangazo. Hospitali iko mbali, na nyingi za vijijini Marekani zimefungwa. Kikosi cha zimamoto mara nyingi ni cha majirani wanaojitolea, wanaoacha chakula mezani na kukimbilia gari. Mtoto husafiri muda mrefu kwa basi la shule. Na anayebaki mjini akalifanya shamba kuwa la kutembelea wikendi atakuta mlango wa kibanda umevunjwa, mti umeangukia paa, mbigili zimetawala. Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa hiyo nashauri anayetaka nyama na uwindaji aanze bila kununua chochote. Misitu ya taifa ya Marekani ina ekari zipatazo milioni 193, na sehemu kubwa iko wazi kwa wawindaji wenye leseni. Msitu wa Chequamegon-Nicolet, kaskazini mwa Wisconsin, peke yake una zaidi ya ekari milioni 1.5. Leseni ya kulungu kwa mkazi wa jimbo hilo kwa miaka mingi imekuwa dola 24. Texas ni tofauti, kwani asilimia 95 hivi ya ardhi yake ni ya watu binafsi, na huko wawindaji hukodi haki ya kuwinda kwa msimu. Anayeanza kwa njia hizo atajifunza msitu, hali ya hewa, sheria na watu. Baada ya hapo, akibaki na hamu ya kuwa na pahali pake, hamu hiyo imekomaa.

Mpaka usioonekana

Jambo hili lina upande mchungu ambao mhamiaji hapaswi kufichwa. Baada ya mwaka 1975, Wahmong wengi waliokuwa wamepigana upande wa Marekani katika vita vya Laos walikimbia nchi yao, na makumi ya maelfu yao wakahamia Minnesota na Wisconsin. Walitoka katika jamii ya wawindaji wa milimani, ambako msitu haukukatwa vipande vyenye majina ya watu. Huko Marekani waliendelea kuwinda, jambo lililowaunganisha wazee na wajukuu waliozaliwa ugenini.

Tarehe 21 Novemba 2004, katika Kaunti ya Sawyer, Mhmong mmoja aliyekuwa akiwinda alikutwa amekaa kwenye jukwaa la mtini ndani ya ardhi ya watu. Yakazuka maneno. Watu wanane walipigwa risasi, sita wakafa. Mahakamani alisema alitukanwa kwa asili yake na kwamba yeye ndiye aliyepigiwa risasi kwanza. Baraza la mahakama halikukubali utetezi huo, naye akahukumiwa kifungo cha maisha. Januari 2007 Mhmong mwingine, aliyekwenda kuwinda kindi katika ardhi ya umma karibu na Peshtigo, aliuawa na mwindaji mzungu, ambaye naye alifungwa.

Simpi udhuru aliyeua watu sita, na simpi udhuru aliyemwua mtu aliyekuwa kwenye ardhi ya wote. Ninachosema ni kwamba mpaka wa shamba porini hauonekani kwa macho, lakini watu wako tayari kuumwagia damu, na mtu mwenye rangi au lafudhi tofauti huwa wa kwanza kutiliwa shaka. Ndugu anayetoka Uvira au Kigoma akanunua ekari zake huko asione kwamba hati imemaliza kazi. Awatembelee majirani mchana, kabla ya msimu, bila bunduki. Awaonyeshe mpima alipoweka alama. Ajue ni nani kati yao alikuwa akipita katika kipande hicho kwa miaka mingi kwa ruhusa ya mwenye zamani. Ajiunge na zimamoto ya kujitolea, ashiriki mkutano wa kijiji chao. Watakaomkubali watakuwa kinga yake kuliko bango lolote la kukataza watu kupita. Na watakaomkataa, bora awajue mapema. Wenyeji nao wana deni lao: mgeni aliyefuata sheria ana haki ya kuwinda kwa amani, na asiyeweza kulikubali hilo hafai kushika bunduki.

Waliouza ardhi, wasiuze mawindo

Kuna haki nyingine kaskazini mwa Wisconsin, kongwe kuliko hati zote za ardhi za huko. Mwaka 1837 na 1842, Waojibwe, wenyeji wa kaskazini mwa jimbo hilo, waliiachia serikali ya Marekani mamilioni ya ekari kwa mikataba. Waliiacha ardhi, lakini walibakiza katika mikataba hiyo haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya mazao ya porini. Kwa zaidi ya karne moja serikali ya jimbo iliwakamata kama majangili. Mwaka 1983 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba haki ile ingali hai, na kesi zilizofuata zikaielekeza kwenye ardhi na maji ya umma. Waojibwe walipokwenda kuvua kwa mikuki usiku, walikutana kwenye kingo za maziwa na umati uliowatukana na kuwarushia mawe. Hawakurudi nyuma. Leo haki hiyo inatambuliwa, na wao hushiriki katika usimamizi wa samaki na wanyama wa eneo hilo.

Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuelewa jambo hili kuliko wengine. Tanzania, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaiweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Wanyamapori nao ni mali ya umma, na anayewinda bila kibali ni jangili hata kama mnyama ameingia katika shamba lake la mahindi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayenunua heka zake kijijini hawezi kuota ndoto ya Mmarekani kwa kila kipengele chake. Lakini kosa ni lilelile anapoamini kwamba pori alilouziwa kwa bei ndogo lilikuwa halina watu. Pori hilo huenda ni malisho ya kiangazi ya wafugaji, au mapito ya tembo, au mahali wanawake wanapokata kuni.

Hapa Tanzania, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda wameishi kwa upinde, mizizi na asali tangu kabla ya watu wengine wengi kufika huko. Ardhi yao imekuwa ikimegwa na wakulima na wafugaji walioiona tupu kwa sababu haikuwa na shamba wala zizi. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, hatua kubwa katika nchi yetu, iliyotambua kwamba kuwinda na kukusanya ni matumizi halali ya ardhi. Kama kuna watu hapa kwetu wenye haki ya kusema wanahitaji ardhi kwa ajili ya mawindo, ni hao, na kila anayekwenda kutafuta heka za bei poa kaskazini mwa Manyara anapaswa kuuliza kwanza kama hajakanyaga za kwao.

Niwaambie, basi, ndugu zangu mlioko Marekani na ninyi mlioko nyumbani ambao mji umewachosha. Ondokeni mjini kama moyo unawatuma; vijiji vinahitaji watu wenye nguvu na maarifa. Msinunue kwa picha. Nendeni mkaione ardhi wakati wa masika na wakati wa kiangazi, au huko ugenini wakati wa theluji na wakati wa matope. Ulizeni ni nani alikuwa hapo, kwa nini aliondoka, na nani anapita hapo sasa. Someni hati na mtu anayejua kuisoma. Jifunzeni kuwinda katika ardhi ya umma kabla ya kutafuta yenu. Mkishanunua, pandeni miti kabla ya kupanda jukwaa la kuwindia, na nendeni kwa jirani moto unapowaka kwake. Asiye tayari kwa hayo akate leseni yake, awinde katika msitu wa umma kwa heshima, na awaachie ardhi watakaoitunza.